Dakika ya Tano

Bibi Pettifer, mwenye nyumba wangu,
hugonga bomba kwa kijiko cha supu
nikikawia bafuni.
Ngo, ngo, ngo: mlio hupanda ukutani
toka jikoni kwake hadi kwenye sabuni yangu.
"Dakika nne, Piran!
Ya tano si yako. Ya tano ni ya samaki."

Nilidhani uzee umeanza kumchezea.
Samaki gani, ghorofa ya pili,
katika mji wa kusini mwa Uingereza
ambako watu husalimiana kwa kuyalaani mawingu?

Bafuni kaweka ndoo ya bluu,
mpini wake umefungwa kwa waya,
ikinge maji baridi yanayotangulia ya moto.
Huishusha mwenyewe ngazini, goti likilalamika,
akanywesha maharage, akamwagia choo,
na ya mwisho akamwogeshea mbwa
(mbwa anaijua zamu yake; hujificha).
Maji yaliyochemsha mayai yakipoa
hayapewi sinki.
Sinki, kwake, ni mdomo wa mwizi.

Jumapili moja nilimcheka waziwazi.
Hakukasirika. Alichukua kipande cha mkate
akakizamisha katika chai.
"Chini ya nyumba hii ni chokaa," akasema.
"Mvua ya Januari huzama humo, ikatulia,
ikatoka kidogo kidogo mtoni mpaka vuli."
Kisha akaukamua mkate kwa vidole viwili.
"Na hili ni bomba lako."
Chai ikachuruzika hadi kwenye gazeti.
"Wewe na Mto Selwen mnanyonya titi moja, kijana.
Mwenzio hana mdomo wa kulia."

Nilifuta meza. Nikaendelea kuoga nilivyozoea.

Mwaka uliofuata mvua ilitusahau tangu Machi.
Agosti, alfajiri, kijiko kiligonga mlango wangu:
"Vaa viatu vya mpira. Chukua ndoo."

Juu ya kinu cha zamani
nilikuta mto umekuwa njia.
Njia kweli: nyayo za mbwa, alama ya tairi la baiskeli,
majani ya maji yamelala kama nywele za mgonjwa.
Kerengende alitua kwenye jiwe, akaruka, akarudi palepale,
hakuamini.
Mdiria alikaa tawini, rangi zake zote,
akitazama chini kwenye tope lisilomrudishia sura.

Trauti walibaki madimbwini, migongo nje,
wamesongamana, madoa mekundu yakipauka.
Walikuwepo majirani ambao sijawahi kuwajua kwa majina:
mwoka mikate, unga bado mikononi;
msichana wa posta;
Bwana Thackwray ambaye bustani yake
hunyunyiziwa maji hata usiku.
Leo alibeba beseni, hakumtazama mtu.

Niliingiza ndoo ya bluu, nikainua samaki mmoja,
mrefu kama kiganja na kifundo,
nikaanza kutembea, nusu maili,
hadi bwawa la kinu ambako maji bado yana kina.
Njiani alijipiga kwenye ukuta wa ndoo.
Ngo.
Nikasimama.
Ngo. Ngo.

Sisemi tuliokoa mto.
Nilibeba ndoo kumi na moja.
Watatu walifika tumbo juu.
Mkunga mmoja alinitoroka, akajiviringisha nyasini,
na sikumpata tena ingawa nilipiga magoti nikapapasa
hadi jua likanichoma shingo.
Bibi Pettifer alikaa ukingoni kwenye kiti cha kukunja
akihesabu kwa vidole, midomo ikitembea.
Hakuniambia hesabu. Sikuuliza.

Jioni nilioga.
Nilisikiliza ukuta: kimya.
Alikuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake vya tope,
mbwa miguuni, kijiko mezani.
Maji yalikuwa ya moto, matamu, yananipenda.
Nikafunga bomba,
povu bado sikioni.